Hilda Birkett na Kondoo Waliofundishwa Mlima

Kila mwaka ofisi ya wilaya yetu hutoa kijitabu cha kuwakaribisha wakazi wapya, wageni wa matembezi na wenye nia ya kufungua biashara. Kina ziwa, kina kanisa lenye mnara mfupi, kina hata ratiba ya basi ambalo lenyewe halijawahi kuisoma. Ukurasa wa mwisho kuna picha ya mlima Skarrow, na chini yake wameandika kwamba uzuri huu ni wa asili, haujaguswa na mkono wa mtu. Aliyeandika hivyo hajavaa gambuti maisha yake yote.

Mimi nauza chai na keki ya zabibu chini ya mlima huohuo, nyumba ya mwisho kabla ya geti. Wageni wakishuka wamelowa chapachapa, swali lao ni moja: "Kule juu hakuna uzio wala ukuta. Mbona kondoo hawapotei?" Nikiwa na haraka huwajibu kwamba kondoo wetu wana adabu kuliko watu wa mjini. Nikiwa na nafasi huwakalisha nikawapa habari za Hilda Birkett.

Hilda alizaliwa Shamba la Juu, wakati wa kukata kondoo sufu. Baba yake alikuja kumtazama mtoto na mikono imejaa mafuta ya sufu, wakunga wakamfukuza, akarudi kazini. Ndivyo watu wa kule walivyo, furaha huwa wanaimaliza mlangoni.

Alipokuwa kasichana kadogo ukungu ulimfumba mlimani. Ukungu wa Skarrow si mchezo, unaweza kunyoosha mkono ukajiuliza umeuacha wapi. Lakini baba yake alikuwa ameshampa somo: "Ukipotea, usitafute njia. Tafuta kondoo jike mzee mwenye alama yetu nyekundu begani, kaa naye. Hatatoka kwetu." Hilda akampata mmoja, akashika sufu yake, akatembea alikotembea, akalala alipolala. Ukungu ulipofunguka alijikuta kwenye mteremko ulio juu tu ya paa la nyumba yao. Alinisimulia hayo akiwa na mvi, na bado alikuwa akinong'ona.

Maana ya jambo lenyewe ni hii. Kondoo wetu huzaa kwenye mashamba ya chini, yenye kuta za mawe. Kisha mama hupanda na mtoto wake mlimani, na katika miezi ile ya kunyonya mtoto hujua: hapa kwetu, pale kwa watu. Akikua akizaa, naye humfundisha wake. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kondoo wa kwanza alifundishwa na nani, hakuna anayejua, wala vitabu vya kanisani havisemi. Ndiyo sababu kwetu shamba likipata mwenyeji mpya, kondoo hawahami. Binadamu huondoka na makabati yake, kondoo wakabaki na mlima wao.

Basi ukaja mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo. Hilda alikuwa ameshafiwa na mumewe, Alf, anaishi peke yake na mbwa aitwaye Moss. Ugonjwa ukaingia bondeni kwetu, na amri ikawa kwamba kundi lote la Shamba la Juu lichinjwe, wagonjwa na wazima, usije ukavuka mlima. Sitaki kueleza siku ile. Nitasema tu kwamba baadaye nilitoka nje kuanika nguo nikasikia kimya ambacho sijawahi kukisikia hapa.

Nilimpelekea mkate. Alikuwa amesimama getini, hana chozi.

"Kondoo hununuliwa," akaniambia. "Lakini hawa wamekwenda na mlima kichwani. Huo nitaununua wapi?"

Upande wa pili wa Skarrow analisha Jos Fearon, mwanamume mwenye mdomo mkubwa na kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Kundi lake, lenye alama ya buluu, lilipona. Wenye haki ya kulisha mlimani walipokutana ukumbini, Jos alisema wazi anachotaka: seng'enge ipite juu ya mlima, kutoka kijito hadi kileleni.

"Hilda ataleta kondoo wageni," akasema. "Watatapakaa kila pahali. Nitawakuta jikoni kwangu wanakunywa chai."

"Wakikuta chai yako watarudi wenyewe," Hilda akamjibu, na ukumbi ukacheka.

Lakini jambo halikuwa la kucheka. Mwenyekiti wetu, Maureen, mwanamke wa haki lakini hana maneno laini, alilikata hivi: Hilda alete kondoo wake wapya, apewe muda hadi vuli ya mwaka wa pili, siku ya kukusanya kondoo wote wa mlimani. Kondoo wakikutwa kwao, mlima utabaki wazi kama ulivyokuwa. Wakikutwa wametawanyika, seng'enge itasimamishwa, na upande wa Hilda atapewa Jos kulishia, kwa kuwa yeye kondoo wake wanajua kukaa. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Shamba la Juu bila mlima ni vishamba vinne vya mawe na nyumba inayovuja. Hakuna anayeishi hapo.

Hilda akanunua majike vijana kutoka bonde la mbali. Siku ya kuwapandisha walifika katikati ya mlima wakasimama kama abiria walioshushwa kituo sicho. Hawakuwa na mama wa kuwaonyesha. Kesho yake walikuwa kila pahali, mmoja kaburini, juu ya marehemu mchungaji wa kanisa.

Basi Hilda akawa ndiye mama. Kila alfajiri alipanda na Moss, mvua, jua, upepo wa kukung'oa nywele, akauzunguka mpaka wote kwa miguu. Kondoo akivuka, anamrudisha. Akivuka tena, anamrudisha tena. Hapigi, hapigi kelele, anasema tu, "Rudi, mama, pale si kwetu." Ilipofika saa nne hukaa kwenye jiwe kubwa la upande wa juu, akafungua chupa yake ya chai, na Moss akala ukoko wa mkate.

Watu walidhani kachanganyikiwa. Siku moja mama mmoja, mgeni aliyehamia juzi tu kutoka mjini, aliingia dukani kwangu mbio, simu mkononi.

"Kuna bibi kule juu anazunguka tu, anaongea peke yake! Nimewapigia waokoaji!"

"Wapigie tena uwaambie wasije," nikamwambia. "Yule yuko darasani."

"Anasoma nini?"

"Anafundisha. Wewe kunywa chai."

Jos naye hakuacha. Alikuwa akimpita na pikipiki yake ya magurudumu manne, anapunguza mwendo makusudi. "Hilda! Nasikia mwakani unawafundisha hesabu!"

"Hesabu wanajua, Jos. Wameshahesabu meno yako, wamesema yamebaki matatu."

Majira ya baridi yakapita hivyo, wanakondoo wa kwanza wakazaliwa, Hilda akapanda nao na mama zao, akaanza upya. Alikonda. Nyonga yake ya kushoto ikaanza kumuuma, akawa anatembea kama meza yenye mguu mfupi. Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama mimi huwa napumzika kuuza keki.

Halafu, majira ya joto ya mwaka wa pili yakielekea kuisha, aliteleza penye mawe ya kijito, mguu ukavunjika. Moss ndiye aliyeshuka kubweka mlangoni kwangu. Waokoaji walikuja, safari hii kwa haki, wakamshusha kwa machela huku akiwasahihisha njia.

Nilimfuata hospitali ya mjini. Siku ya kukusanya ilikuwa bado wiki kadhaa. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi. Nimeshaongea na watu kijijini. Tutapanda kwa zamu, hata yule mama wa simu amekubali. Tutawarudisha kama unavyowarudisha."

Akanitazama kwa macho makali. "Asipande mtu."

"Hilda, utapoteza mlima!"

"Kama bado wanahitaji mtu nyuma yao, basi sikuwafundisha, niliwafunga kamba tu. Na kamba na seng'enge ni ndugu. Waacheni."

Nilirudi na basi nimenuna njia nzima. Wiki zile nilikuwa nikifungua pazia asubuhi natazama mlima, na mlima hausemi kitu. Niliona vidoa vyeupe tu, huwezi kujua cha nani.

Siku ya kukusanya ikafika na ukungu wake. Tulipanda Maureen, Jos na mbwa wake wawili, na mimi, niliyekwenda kwa niaba ya Hilda ingawa magoti yangu hayakuulizwa. Jos hakunitania hata mara moja, na hilo peke yake lilinitia hofu. Tulifika pale mpaka unapoanzia, kwenye kijito, tukasimama ndani ya weupe. Tunasikia kondoo wanatafuna, kila upande, hatuwaoni. Nikawaza, wamechanganyika. Yamekwisha.

Upepo ukaja. Ukungu ukanyanyuka taratibu kama mtu anavyofunua sufuria.

Kushoto, alama za buluu. Kulia, alama nyekundu. Katikati, nyasi tupu, hakuna ukuta, hakuna uzi, hakuna hata kijiti. Jike mmoja wa Hilda alikula akija, akija, akija, mdomo chini, mpaka nikashika mkono wa Maureen. Alipofika penye lile lisiloonekana, akainua kichwa, akageuka, akaendelea kula akirudi. Nimekaa chini ya mlima huu zaidi ya nusu ya umri wangu, nimewajibu wageni kwa utani, na siku ile ndiyo niliyoona nilichokuwa nikikisema.

Tukaufuata mpaka wote. Ni hivyohivyo. Ila tulipofika kwenye kinamasi, Jos alisimama.

"Hapa pana nini?" akauliza.

Ng'ambo ya kinamasi kuna ukanda wa nyasi tamu kuliko zote za Skarrow, na tangu enzi za babu yake Hilda ni wa Shamba la Juu. Nyasi zilikuwa zimerefuka hadi magotini. Hakuna kondoo hata mmoja aliyezigusa. Wekundu walikuwa wamepinda, wakapanda juu, wakauzunguka ukanda wote kwa mbali, kama watu wanaokwepa nyumba ya anayewadai.

Maureen hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa, nikajikuta nacheka na machozi. Nyonga! Hilda hakuwa akiweza tena kuvuka kile kinamasi. Alikuwa akipanda juu, anakizunguka, kisha anakaa kwenye jiwe lake. Na kwenye jiwe lile, saa nne hiyohiyo, kundi zima lilikuwa limelala chini linacheua, wanakondoo katikati, kama wanaosubiri chupa ya chai ifunguliwe.

Jos alivua kofia. Sikuwahi kujua kwamba ana upara.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Wamefundishwa mpaka kuchechemea kwake."

Maureen alifuta miwani yake. "Hakuna seng'enge," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yote ya mkutano.

Jioni tulikwenda hospitali sote watatu. Hilda aliposikia kwamba mlima umebaki wake alifumba macho muda mrefu. Aliposikia habari za ukanda wa nyasi akayafumbua.

"Wapumbavu wakubwa! Nyasi za babu yangu!" Kisha akashika mdomo. "La, mpumbavu ni mimi. Nimewanyima chakula kwa kuogopa kulowa soksi."

"Nitawazuia wangu wasiingie pale," Jos akasema. "Ukipona uwafundishe tena."

"Nani awafundishe kondoo upya, kwa mguu huu? Waache wako wale, Jos. Nyasi zisipoliwa zinaharibika."

"Ni nyasi nzuri, Hilda."

"Najua ni nzuri. Ndiyo maana nakwambia haraka kabla sijabadili mawazo."

Jos akaikunja kofia mikononi. Alisema atamwekea paa lake sawa kabla ya theluji. Hilda akamuuliza kama ana mpango wa kulivunja zaidi. Nesi akaja kutunyamazisha.

Mwaka uliofuata Hilda hakuweza tena kupanda. Wanakondoo walipokuwa na nguvu ya kutosha alikuja na fimbo yake hadi getini kwangu, akaomba darubini ambayo mgeni mmoja aliisahau dukani. Tukafungua geti. Mama zao wakatoka na watoto nyuma yao, hakuna mtu, hakuna mbwa, Moss kalala miguuni petu. Walipanda hadi wakawa wadogo kama punje za mchele.

Hilda aliwafuata kwa darubini. Halafu akanipa, akaninyooshea kidole. Nikaona mwanakondoo mmoja anarukaruka, anavuka kwenda upande wa buluu, anaruka tena. Mama yake alikuwa amesimama. Hakumfuata. Aliinua kichwa, akalia mara moja, sauti ikatufikia ikiwa imechelewa. Yule mdogo akageuka, akarudi mbio hadi ubavuni mwake, akaanza kunyonya, mkia ukitikisika.

"Umesikia?" Hilda akauliza, mikono yake miwili juu ya fimbo. "Safari hii si mimi niliyeita."