Kizibo cha Mama Joto

Shangazi yangu kazini wanamwita Mama Joto. Miaka kumi na tisa sasa analea tanuru moja la umeme kwenye maabara ya chuo. Ukimwuliza ana watoto wangapi, atakwambia wanne, na wa nne ndiye msumbufu.

Kazi yenyewe ni hii. Katikati ya tanuru limepita bomba la kauri, wazi huku na huku. Anaingiza kisahani chenye unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na unga wa makaa, pamoja na aluminiamu kiduchu, kama mtu anavyotia chumvi. Joto likipanda, mvuke unatoka, unatua kwenye kigae kando yake, na hapo zinaota nywele. Nyembamba mara elfu kuliko unywele wako. Mimi shule niliikimbia kidato cha pili, lakini haya nayajua kwa sababu mezani kwetu hayaishi.

Zikishaota, wanazima taa za chumba na kuzimulika kwa taa ya urujuanimno, ambayo mwanga wake wenyewe hauonekani. Zikiwaka kijani, zina kasoro: zilikosa oksijeni wakati zinaota, zikabaki na mapengo ndani kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Zikibaki karibu giza, zimetimia.

Za Shangazi ziliwaka kijani miaka mitatu mfululizo. Isipokuwa siku maabara ikipata wageni. Hapo zinatoka safi, utasema zimeoga.

"Tanuru lako lina maringo," mkuu wake alimwambia. Huyu wanamwita Koti, maana lile koti lake jeupe halivui hata harusini. "Likiona wageni linajipamba."

"Basi lete wageni kila siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Koti alicheka kidogo, halafu akamaliza kucheka. "Mama Joto, Jumatatu tunapima mara ya mwisho. Zikitoka kijani, tanuru linatolewa. Wewe utahamia stoo, upange chupa."

Shangazi na chupa! Mwanamke anayejua nyuzi mia tisa kwa kusikiliza tu mlio wa tanuru. Siku mbili nyumbani hakumtania mtu, tukajua ni msiba.

Jumamosi wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kututembelea. Nyumba ikapigwa deki mpaka paka akateleza. Sebuleni kuna dirisha limepasuka kioo, tumelisokomeza mto wa zamani.

"We kijana! Toa hilo tambara dirishani, wakwe watatuonaje?"

Nikavuta. Upepo ukaingia, pazia likapaa mpaka kwenye taa.

Shangazi akasimama na ufagio wake. "Rudisha."

"Si umesema nitoe?"

"Rudisha! Haya, toa tena."

Nikatoa. Pazia likapaa. Shangazi akatupa ufagio. "Uwii! Kumbe ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Nilidhani presha. Kumbe ni hivi: miaka mitatu ile alikuwa anaziba ncha zote mbili za bomba kwa pamba isiyoungua, joto lisipotee bure. Ndivyo alivyo, hata sufuria kwake haikai bila kifuniko. Pamba ikawa nyeusi, inatia aibu, kwa hiyo wageni wakija anaichomoa na kuificha kwenye droo. Siku hizo hewa inapita. Siku nyingine makaa yanaila hewa yote iliyomo, na nywele zinaota na njaa.

"Utamwambia Koti?" nikamwuliza.

"Nitamwambia."

"Atakuchinja, Shangazi."

"Acha anichinje. Tanuru langu halina kosa."

Jumapili alienda peke yake akaotesha mafungu mawili. Jumatatu alisahau miwani, nikampelekea, ndiyo maana niliyaona kwa macho yangu. Taa zikazimwa. Kigae kimoja kikawaka kijani kama jicho la paka. Cha pili, giza, na urujuani kwa mbali sana.

"Hiki niliziba, hiki sikuziba," Shangazi akasema gizani. "Mkosaji ni mimi, si tanuru."

Halafu sauti ya Koti: "Nimebadilisha unga mara sita. Nimegombana na fundi umeme hatusalimiani mpaka leo. Kumbe ni pamba?"

"Ni pamba, bwana mkubwa."

Akaanza kucheka, safari hii hakumaliza. Alicheka mpaka akavua koti. Naapa, alilivua, akajifutia machozi.

"Mama Joto, unaweza kuziba nusu?"

"Hata robo, ukitaka."

Maana kasoro nazo zina kazi. Zile zenye mapengo ndizo hodari kunusa gesi inayovuja. Alichokosa Koti ni mtu wa kumpimia mapengo mengi au machache, kadiri anavyotaka.

Tanuru lipo palepale. Kizibo, ile pamba nyeusi, kimepewa msumari wake ukutani na kibandiko: KISIGUSWE BILA RUHUSA YA MAMA JOTO. Wageni wakija siku hizi hakifichwi tena. Ndicho anachowaonyesha kwanza, kabla hata hawajakaa.