Nyota ya Java na Mwalimu Asiyekosea

Jumanne nilienda kuchapisha barua katika chuo kimoja cha kompyuta hapa Sultan Hamud. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, nikaona na kusikia yote.

Mwalimu alikuwa amerudisha mtihani wa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mama mmoja, mkulima kutoka Kalamba, alisimama na karatasi yake.

"Mwalimu, hapa umenikata alama mbili, na hizo ndizo zimenifelisha. Niliandika kwamba import java.util.*, yenye ile nyota mwishoni, haileti kifaa kinachoitwa Pattern. Pattern iko java.util.regex, na hiyo ni package ingine, kama sanduku tofauti."

Mwalimu aligeukia darasa akicheka. "Mama, nyota ni nyota. Inaleta kila kitu, hata vilivyo kwenye package za ndani."

"Basi tujaribu," mama akasema.

Mwalimu aliandika programu fupi yenye nyota, akabonyeza. Kompyuta ikasema haijui Pattern ni nini. Akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikakataa. Mama akasogea, akaongeza mstari mmoja: import java.util.regex.Pattern, na programu ikafanya kazi.

Mwalimu alikohoa. "Mmeona? Network imerudi."

Nimeandika programu miaka mingi. Ile haikuhitaji network hata kidogo. Kutojua si aibu, sote tulianzia hapo. Aibu ni kusahihishwa mbele ya watu na bado ukasingizia hewa. Mama alirudi kuketi bila alama zake.

Nyuma yake darasa zima liliinama, likaandika daftarini: "Pattern ikikataa, ngoja network."