Tangazo Lililofutwa Makambako

Ukungu wa Njombe ukishakaa mtaani kwetu Mjimwema, nyumba ya jirani siioni hadi saa nne. Naisikia tu: mlango, ndoo, mtu anakohoa. Ndivyo ninavyoikumbuka kazi yangu pia. Kampuni yetu ya malori ilikuwa na ofisi mbili, Njombe na Makambako, na kati yake kulikuwa na mtandao ambao hakuna aliyewahi kuuona. Kazi yangu ilikuwa kuulinda. Nilikaa katika chumba kidogo chenye joto, mashine zikivuma, taa ndogo za kijani zikiwaka na kuzima, na mara nyingi nilizitazama mpaka chai ikapoa. Kila taa ilipowaka, nilijua kuna mtu anamwambia mwenzake jambo: viazi vimepakiwa, mbao zimefika, lori limeharibika mlimani. Niliwapenda watu wale kwa namna hiyo, kwa mbali, bila kuzisikia sauti zao.

Ana kwa ana sikuwa mwema sana. Nina hasira za karibu. Madereva waliniita askari wa waya, na nikiingia ofisini walinyoosha mikono juu kama watu waliokamatwa. Nilicheka nao, kisha nikawakagua vilevile.

Mwaka ule kampuni moja ya jirani zetu kule Makambako ilivamiwa. Mtu alifungua faili lililokuja kwa barua pepe, na kabla ya saa sita mchana kompyuta zote zilikuwa zimefungwa na wezi ambao hakuna atakayewajua sura. Nilipita pale nikawaona wafanyakazi wamekaa nje kwenye jua, mikono mapajani, kama watu waliosahau walikuja kufanya nini. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Niliogopa kweli, nikaamua kuwapima watu wetu kabla mwizi hajawapima.

Nilijiuliza ni barua gani mtu wa kwetu hawezi kuiacha. Ya zawadi wangeicheka. Ya benki wangeiweka mpaka kesho. Nikaandika: "Tangazo la msiba. Tafadhali fungua haraka." Kwetu hakuna anayeletewa habari ya msiba akasema nitaisikiliza baadaye, hata mliyenuniana naye, unakwenda kumzika. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo sababu nililichagua. Nikaituma ofisi zote mbili kutoka anwani isiyojulikana.

Walifungua wote. Wa kwanza alikuwa karani wa Makambako, mama mtu mzima aliyeishi Mahongole, jirani na Makambako, lakini kwao ni Mawengi, huko Ludewa, na aliyekuwa akiandika mizigo yetu tangu enzi za daftari. Kesho yake nikamfuata.

"Mama, unafunguaje barua ya mtu usiyemjua?"

"Mwanangu, si imeandikwa msiba? Ningeiachaje?"

"Hapo hapo ndipo mwizi atakapopitia! Tangazo la msiba kutoka kwa mtu usiyemjua, futa. Usisome, usijibu. Futa!"

Niliyasema hayo mbele ya madereva na wapakiaji. Akavuta sweta lake kifuani, akatazama chini. "Nimeelewa, mwanangu. Nisamehe." Umri wake ni wa kunizaa, na nikamwacha aniombe msamaha. Nilirudi Njombe jioni nikiegemea dirisha la gari, misonobari ikiingia na kutoka kwenye ukungu, nikiwa na amani ya mtu aliyekwisha kufunga milango yote.

Wiki chache baadaye, katikati ya mvua, alinipigia kwa simu ya ofisi. Simu yake ya mkononi ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka.

"Mwanangu, leo wamekuja tena! Tangazo la msiba lilelile, anwani siijui. Sikusoma hata neno. Nimefuta."

"Hongera sana, mama," nikamwambia. Nilifurahi mno, hata nikaenda kumsimulia bosi.

Siku ya pili yake dereva wetu mmoja aliyekuwa akitokea Ludewa aliingia ofisi ya Makambako, akavua kofia, akampa karani mkono. "Pole sana na msiba wa mzee, mama. Nimepita pale kwenu jana wakitoka makaburini. Mbona wewe uko kazini?"

Waliponipigia simu nilikimbilia kwenye mashine zangu. Barua zilizofutwa hukaa humo siku kadhaa kabla hazijapotea. Niliikuta. Ilitoka kwa katibu wa kanisa, usharika wa Mawengi, ambaye alimkosa karani kwenye simu yake akaitumia anwani ya barua pepe iliyochorwa kwenye milango ya malori yetu. Jina la baba yake karani lilikuwa kwenye mstari wa kwanza.

Gari la kampuni lilipompitisha karani Njombe kwenda Mawengi, nilipanda nikakaa naye nyuma. Sikuombwa kwenda. Njia nzima ilikuwa nyeupe, mashamba ya mahindi yakitokea na kufutika, na mimi nikatamani safari ile isiwe na mwisho. Alipakata kifurushi cha sukari. Hakunigeuzia mgongo.

Nyumbani kwao watu walikuwa bado wamejaa. Kaka yake alitupokea vizuri, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Walipokwisha kulia alimwuliza dada yake kwa upole:

"Lakini ulitujibu. Katibu alinionyesha. 'Ujumbe wako umepokelewa. Asante.' Tukajua uko njiani. Tumekusubiri na kaburi liko wazi mpaka saa kumi, mchungaji akasema mvua inakuja."

Maneno yale niliyatunga mimi. Mashine ilimjibu hivyo yenyewe kila aliyetuandikia, wa mbao na wa viazi, na wala karani hakujua kama inajibu. 

"Barua ilifika," karani akasema. "Niliifuta mwenyewe." Hakunitazama. Angeweza kunitaja kwa neno moja na hakutaka, na pale ningeweza kunyamaza nikanywa chai yangu nikarudi Njombe.

"Ni mimi niliyemwamuru," nikasema. "Na hilo jibu ni langu." Nikaanza kueleza juu ya wezi, jirani zetu waliovamiwa, faili ambalo halifai kufunguliwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyokuwa ya kijinga katika nyumba ile.

Mjane, mama yake karani, alikuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wezi, mwanangu, walikuja?"

"Bado, mama."

"Haya. Kwetu sisi msiba ulikuja."

 Karani akasogea kidogo kwenye mkeka, na mimi nikakaa.