Supu ya Mwanzilishi

Kinuyo alikuwa na miaka sitini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliishi na kinyongo. Asikudanganye mtu kwamba kinyongo humkondesha mwenye nacho. Kinuyo alinawiri. Alilima figili, aliuza tofu ya soya, alimzika mumewe Giichi, na kila usiku kabla ya kulala alimlaani Tatsue kwa jina.

Katika mlima ulio juu ya kijiji chao, Mwanzilishi wa dhehebu la Kibudha hahesabiwi kuwa amekufa. Yumo kaburini ameketi, anatafakari, na hupelekewa chakula. Siku ya hija ya vuli mlo wake hupikwa na wanawake wa kijiji, vinywa vimefungwa vitambaa vyeupe. Hauna nyama wala samaki, na ni mwiko mtu kuuonja kabla yake. Mpishi hutegemea pua.

Kinuyo alikuwa mpishi mkuu wa mlo huo, hadi mwaka ule mpishi mwenzake Tatsue alipoinua kifuniko mbele ya watu na kusema, "Nanusa samaki humu." Nani angebisha, na kuonja ni mwiko? Sufuria ikamwagwa mtoni. Tatsue akapewa mwiko wa kupikia, ule wa mpishi mkuu. Nyumba ya Kinuyo ikapigwa marufuku kuvuka daraja la kaburini. Giichi alipokufa, kipande cha mfupa wake, ambacho kwa desturi kingezikwa karibu na Mwanzilishi, kilibaki kabatini.

Vuli hii mtawa mkuu mpya alimwonea huruma. "Rudi jikoni uoshe figili, mama. Ukimaliza salama, mwakani utampandisha mzee wako kaburini."

Kwa hiyo alikuwa akiosha figili asubuhi hiyo wali ulipoanza kuungua. Tatsue alisimama pale pale, hana habari.

"Bi Tatsue, wali huo!"

"Nimeuona! Wewe angalia figili zako."

Hakuwa ameuona wala kuunusa. Kinuyo akaelewa: pua ya Tatsue imekufa, na anaficha. Kisha Tatsue akatoa chupa ya mchuzi aliouchemsha nyumbani, maana siku hizi alikuwa mvivu. Ulipaswa kuwa wa mwani na uyoga mkavu. Akaumimina sufuriani, na mvuke ukapanda.

Samaki! Samaki mkavu wa kuparuzwa, ule mchuzi wa nyumbani kwake wa kila siku. Kikongwe amebeba chupa siyo.

Kinuyo alishika figili kwa mikono miwili. Neno moja tu, na mchuzi ungepikwa upya. Lakini mkuki kwa nguruwe, bwana. Akainama, akaendelea kusugua. Atakayepeleka sanduku la mlo kaburini ataunusa mwenyewe, aliwaza, na leo Tatsue atavuliwa nguo mbele ya mahujaji mia tatu.

Hakuna aliyenusa. Ubani ulikuwa mwingi kupita kiasi. Sanduku lilivuka daraja, sala zikasomwa, sanduku likarudi. Ukumbini mahujaji wakagawiwa masazo katika vikombe, kwa baraka.

"Aa! Supu ya mwaka huu ina utamu!" alisema mzee mmoja akilamba midomo.

"Nani kapika?"

"Bi Tatsue. Huyo mikono yake ni dhahabu."

Tatsue akainama kwa adabu, kulia na kushoto, uso unameremeta. Miaka kumi na tisa, halafu asifiwe! Kinuyo alijua vizuri gharama ya kufungua mdomo. Akasimama.

"Ni supu ya samaki hiyo mnayokunywa."

Mtawa mkuu akaonja, akakishusha kikombe polepole.

"Umejuaje, mama?"

"Nilinusa asubuhi, alipomimina."

"Ukamwacha Mwanzilishi apelekewe?"

"Nilimwacha. Nilitaka huyu aumbuke."

"Mwongo!" Tatsue alipiga kelele. "Kautia yeye! Hii si tabia yake ya siku nyingi?"

"Basi nusa," Kinuyo akamsogezea kikombe kimoja cha supu na kimoja cha chai. "Fumba macho, utuambie kipi ni kipi."

Tatsue alifumba macho. Alivuta pumzi juu ya kimoja, akavuta juu ya kingine, akarudia, mpaka machozi yakamtoka.

Mtawa mkuu aliwafukuza wote wawili, na marufuku ya daraja ikawa ya maisha. Mtupa jongoo humtupa na mti wake.

Waliteremka njia moja kwa sababu hakuna nyingine.

"Mjinga we," Tatsue alisema akihema. "Mwakani ungepanda. Giichi je?"

"Giichi atakaa na mimi. Hebu niambie. Mwaka ule ulinusa nini?"

Tatsue aliongeza mwendo.

"Sikunusa kitu. Niliutaka ule mwiko."

Nyuma yao kengele ililia, mahujaji wakianza kuvuka daraja kwenda kumwomba Mwanzilishi radhi. Hapakuwa na mtu wa kusikia. Kinuyo akamshika Tatsue mkono, akamgeuza uso kuelekea kaburini.

"Sema tena," alimwambia. "Kwa sauti."

Tatsue akasema. Kinuyo akamfanya arudie mpaka sauti ikamkauka.