Tangi la samaki lenye matundu mawili chini: nilivyochagua filta kwa ajili ya mzee wangu

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Wadogo, zenu nimeshazipokea, tusipotezeane muda.

Mimi ni bibi wa hapa Kasulu, shule niliishia darasa la nne. Ninayoandika yametokea sebuleni kwangu na walioyaona wapo. Asiyeamini apite tu.

Mume wangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka kwa shida.

Lakini kilichotaka kummaliza ni chakula. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu hataki. Kulishwa na mke kama mtoto ndiyo hataki kabisa. Watu wakija kumwona wanamkodolea macho, naye anafunga mdomo. Alikonda mpaka mashati yakampwaya.

Tulikuwa na mpangaji, daktari, binti wa Tanga. Alikuwa na kitangi cha kioo chenye samaki wa mistari, wale wa ziwani Kigoma. Siku moja akamweka mzee mbele ya kile kioo, mgongo kwa watu, akampa sahani, akatutoa wote nje.

Mzee akala. Kwa kushoto, peke yake, ugali wa muhogo wote.

Samaki hawamtazami mtu mdomoni.

Ikawa ndiyo desturi ya kila siku. Jirani yangu Mama Zabibu kila akipita: "Bibi, hao mnawakaanga lini?" Nikamwambia akakaange wa kwake.

Kisha daktari akapata uhamisho. Samaki nao walikuwa wamekua, wanang'atana mle ndani. Akaniachia samaki na kitangi chao, pamoja na tangi kubwa alilolinunua Kibondo, kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga na kuuza vitu vyake. Wanaume wanne ndio walilibeba kuingia ndani.

Kulitazama, kona ya nyuma, chini kabisa, lina matundu mawili. Mabomba yake hayapo.

Kila aliyeliona akanipa pole. "Bibi, umeachiwa bovu."

Nikampigia daktari. Akacheka. "Hayo yametobolewa makusudi, bibi. Maji yanashukia hapo, yanachujwa kwenye sanduku la chini, pampu inayarudisha juu."

Kabla sijaamua, akaja mkwe wangu Yohana, mwalimu kule Kibondo, na zawadi. Filta ya mtungi, imefunikwa kotekote, ina mipira miwili ya maji inayopita juu ya ukingo wa tangi.

"Mama, matundu tuyazibe. Hii ndiyo ya kisasa."

Mkwe amekuletea zawadi mpaka mlangoni, utamwambia nini? Tukaziba.

Sitaisema vibaya filta ile. Maji yaling'aa, na haikuwa na kelele hata kidogo. Mzee alikula vizuri tu.

Shida ni umeme wetu. Siku moja ulikatika asubuhi ukarudi jioni. Uchafu ulikaa mle mtungini bila hewa, ukaoza. Umeme uliporudi, pampu ikausukumia wote kwa samaki. Nyumba ilinuka yai viza. Samaki wawili wakaelea.

Mzee akasukuma sahani. Kesho yake akasukuma tena.

Hapo ndipo niliogopa, wakuu. Nikampigia Yohana.

"Baba, zawadi yako nimeipenda, ila umeme wa Kasulu haujaipenda."

"Mama, sema tu imeua samaki."

"Imeua samaki."

Mungu ambariki, hakununa. Jumamosi alikuja mwenyewe, na fundi bomba wa hapa mtaani, Hamisi. Samaki tukawahamishia kwenye pipa. Kile kitangi cha zamani tukakiweka chini ya meza ya tangi kiwe sanduku la kuchujia, ndani sponji, changarawe na pampu. Tukazibua matundu, kila moja likasimamishiwa bomba linalofika karibu na juu: la kwanza la kushushia maji, la pili la kuyarudisha.

Nikawaambia: zimeni pampu nione umeme ukikatika inakuwaje.

Maji yakashuka, sanduku likajaa, likamwagika mpaka kwenye kapeti. Walikuwa wamelijaza tangu mwanzo, hawakuacha nafasi ya maji yanayoshuka. Afadhali ilitokea tukiwa tumesimama pale. Tukapunguza, tukachora mstari: hapa msizidishe.

Tukawasha, samaki wakarudi. Sasa ikaja kelele. Maji yanaposhuka yanagugumia kama choo cha kuvuta. Mzee akageuza uso ukutani, sahani mapajani.

Hamisi akasema, "Bibi, atazoea."

"Wewe Hamisi, huwa unakulia chooni?"

Yohana akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikampigia daktari tena.

Akasema matundu yote mawili yawe ya kushushia. Bomba la kurudisha lipite juu ya ukingo, mdomo wake usizame sana, maji yasije yakarudi kinyumenyume. Bomba la kwanza liwe fupi ndani ya tangi, chini liwe na koki. Ukiibana sawasawa, bomba linajaa maji tupu, hewa haipati pa kugugumia. La pili liwe refu kidogo, likae kavu, la kuokoa siku la kwanza likiziba.

Hamisi akarekebisha, akaanza kubana koki pole pole. Kelele ikapungua. Ikapungua tena. Tukaanza kusikia kuku wa nje.

Mzee akageuka. Akawatazama samaki, kisha akatutazama sisi watatu tuliosimama tunamkodolea.

"Tokeni," akasema. Bila kukwama.

Tukatoka mbio. Niliporudi, sahani ilikuwa nyeupe na anajifuta vidole.

Nilichojifunza ni hiki. Tangi lenye matundu usilizibe kabla hujauliza. Kama umeme wenu ni wa kubahatisha, chagua sanduku la chini lililo wazi, acha nafasi, na uzime mwenyewe ujaribu. Sponji ioshe kwa maji ya tangi, si ya bomba yenye dawa. Na mgonjwa akikataa kula, kabla hujamfokea, angalia nani anamtazama.

Bado nahangaikia pampu umeme ukiwa haupo. Mwenye kuiendesha kwa betri ya sola aniambie anatumia ya ukubwa gani. Waliouguza mtu wa hivi nao waseme walifanyaje, nasoma yote. Wa utani wa kukaanga, Mama Zabibu anawatosha.