Aliyekataa Kuliuza Gari Lililokimbia Naye

Juma lililopita tulimzika Old Moshi, ndani ya kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mkunga mstaafu ambaye wengi wenu hamkupata kumsikia. Aliugua kwa muda, akafia kitandani kwake, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Nalisema hili mapema kwa sababu hata pale msibani niliwasikia watu nyuma yangu wakinong'ona, "Si ndiye yule mama wa gari?" Ndiye. Gari halikumuua, ingawa lilikaribia, na tangu siku ile hakuacha kulitilia shaka, wala hakuacha kututia shaka na sisi wengine.

Asubuhi hiyo, miaka kadhaa iliyopita, alikuwa anashuka kwenda mjini. Kando yake alikaa wifi yake, na nyuma walipakia ndizi za harusi ya ndugu. Gari lilikuwa otomatiki, la kuwashwa kwa kitufe, limeletwa nchini likiwa limeshatumika ng'ambo, lakini safi, halina hata mkwaruzo. Kwenye mteremko, mguu ukiwa umeshaachia mafuta, injini ikanguruma yenyewe na gari likachomoka. Akakanyaga breki. Likapunguza kidogo, kisha likaendelea kuvuta. Akabonyeza kitufe kulizima, halikuzima. Baadaye sana ndipo alipoambiwa kwamba gari likiwa kwenye mwendo kitufe kile hakilizimi kwa kukigusa tu, ni lazima ukikandamize kwa muda. Aliyemuuzia hakumwambia. Mbele yake kulikuwa na kona, chini ya kona bonde, na barabarani akina mama wanateremka sokoni na mizigo kichwani. Akasukuma gia mpaka nyutro. Injini ikapiga kelele kama inataka kupasuka, lakini magurudumu yakaachiwa, breki zikashika, naye akaliingiza gari kwenye ukingo wa juu wa barabara, katika majani ya ng'ombe. Wifi yake aliumia bega. Hakuna mwingine aliyeguswa.

Nilikutana naye gereji, mjini Moshi, gari lake lilipoletwa likivutwa, nami nikisubiri langu. Mwenye gereji alichomeka kompyuta yake ya kupimia, akaitazama, akaichomoa, akaichomeka tena. Kisha akasema kwa upole ambao ulinikera hata mimi nisiyehusika, "Mama, gari ni zima. Kompyuta haioni kosa lolote. Labda mguu uliteleza. Na umri nao, unajua."

"Mwanangu," alijibu yule mama, "nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mashine ikisema mgonjwa ni mzima, na mgonjwa mwenyewe anasema anaumwa, mimi nakaa na mgonjwa."

Mwenye gereji alicheka. Nyumbani nako hali haikuwa bora. Watoto wake walimpenda, na kwa mapenzi hayo hayo wakamnyang'anya funguo. Wakatafuta mnunuzi, akapatikana mfanyabiashara wa Holili, mtu wa safari za kila siku, akalizunguka gari mara moja tu na kulipenda. Walipokuwa karibu kukubaliana, mama akatoka jikoni na kumweleza yote: mteremko, breki, kitufe, kona. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akapanda pikipiki iliyomleta, akaenda zake.

"Mama, umetuharibia," kijana wake mkubwa alilalamika.

"Ningemuuzia aende kufa na nani?" aliuliza. "Ana watoto yule. Hamkumsikia akiulizia kama kiti cha mtoto kitaenea nyuma?"

Gari likarudishwa gereji lipimwe upya. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Fundi mmoja kijana, aliyeambiwa alisogeze kutoka mlangoni, aliliwasha, akaweka gia ya kurudi nyuma, na gari likaruka naye hadi ukutani. Ukuta ukabomoka. Mwenye gereji akachomeka kompyuta ile ile, ikasema yale yale, naye akamwambia fundi akusanye vitu vyake aondoke, kwamba gereji haiwezi kuwa na fundi asiyejua breki iko wapi.

Mama alipopata habari alinipigia simu, namba nilimpa siku ile ya kwanza gereji. "Nisindikize," alisema. "Wewe unaandika magazetini, watakuogopa kidogo." Alikuwa amemchukua na wifi yake. Fundi, aliyekuwa hajaondoka bado, alimsalimia shikamoo huku akitazama chini, na mama akamshika mkono, hakuuachia mpaka tulipoondoka.

"Mara ya kwanza mlisema ni uzee," alimwambia mwenye gereji. "Huyu naye ni mzee?"

"Mama, vijana nao wanakosea."

"Sawa. Mlipotaka kujua nilikanyaga wapi, mliiuliza kompyuta. Huyu aliyekaa kando yangu, nani alimuuliza?"

Wifi yake, mwanamke mpole aliyekuwa bado anaubeba mkono kwa kitambaa, akasema, "Mguu wake niliuona. Ulikuwa kwenye breki, ameubana mpaka kiatu kimekunjika. Niliutazama kwa sababu nilikuwa naogopa kutazama mbele."

Sidhani kama mwenye gereji aliamini. Nadhani aliona aibu, na aibu nayo ilitosha. Fundi alibaki kazini. Kikanyagio cha mafuta kikafunguliwa, na kwenye maungio ya nyaya zake wakakuta kutu ya kijani, kana kwamba gari liliwahi kulala kwenye maji kabla hatujaletewa. Ndiyo ilikuwa sababu? Hakuna aliyethubutu kuapa. Mama aliamua gari likatwe liuzwe vipuri: milango, viti, taa. Kikanyagio na kompyuta yake alivichukua mwenyewe, akaviweka juu ya jiwe mbele ya geti lake na kuvivunja kwa nyundo. Nilimwambia anaharibu ushahidi.

"Ushahidi ulikuwepo muda wote huu," alinijibu huku akihema. "Nani aliutaka?"

Nimekuwa nikilifikiria jibu lile tangu tulipotoka makaburini. Sisemi kila gari linalokimbia limekimbia lenyewe. Watu hukosea kikanyagio, tena wengi, na kapeti ya miguuni ikijikunja inaweza kubana mafuta bila kompyuta yoyote kuhusika. Lakini zamani mguu wako ulivuta waya, waya ukavuta injini, na fundi yeyote angeweza kuushika waya ule na kukuonyesha ulipokwama. Leo mguu wako unapeleka ombi tu. Kuna kisanduku mahali fulani kinachopokea ombi lile na kuamua kifanye nini nalo, na siku mambo yakiharibika tunakwenda kukiuliza kisanduku hicho hicho kama kimekosea. Ni mahakama gani inayomsikiliza mshtakiwa peke yake na kufunga kesi? Kisha jiulize jambo jingine. Magari ya aina fulani yakigundulika na kasoro huko yalikotoka, wenyewe huitwa wayarudishe yakatengenezwe. Lile lililokwishapanda meli, nani anamfuata mwenye nalo Kibosho au Rombo kumwambia? Mimi sijawahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Wewe umepigiwa?

Mama huyu hakusubiri simu. Alinunua pikapu kuukuu ya gia za mkono, akaiendesha mpaka miguu ilipomkataa, na baada ya ibada alikuwa akiwakusanya kanisani wenye magari ya otomatiki, hasa wanawake, akiwafundisha magari yakiwa yamezimwa: breki kwa nguvu zote usiachie, gia nyutro, kisha tafuta pa kusimama. Baadhi walimcheka. Akawaambia wacheke huku mikono ikifanya.

Yule fundi sasa ana gereji yake. Siku ya mazishi alifunga kazi, akaja na mafundi wake wote kubeba udongo. Nilimuuliza kama naye anatumia kompyuta ya kupimia. Alisema anayo, nzuri, na inamsaidia sana, lakini mteja akifika humpa kiti kwanza, amsimulie ilivyokuwa kuanzia alipotoka nyumbani, na kama alikuwa na abiria, abiria naye atasimulia. Mashine inachomekwa baada ya hapo.

Basi nawaomba mfanye hivyo hivyo. Mtu akikuambia chombo kimemkaidi, awe bibi yako au dereva wako, mwamini kiasi cha kumsikiliza mpaka amalize. Huenda amekosea, nawe utamwambia. Lakini kama hakukosea, nawe umemnyamazisha, basi kile kitu bado kiko barabarani, kizima kwenye karatasi, kikimsubiri mtu mwingine kwenye mteremko.