Ukuta Ndani ya Diski ya Losaline

Nyumbani kwao, katika kijiji cha Vaini visiwani Tonga, palikuwa na kompyuta moja, mali ya Losaline, rafiki yangu tangu chuoni, fundi wa kompyuta za watu. Kaka yake Feleti, mwalimu wa kwaya, hakuwahi kuigusa. Kaka wa Kitonga haingii chumbani kwa dada yake, halalii mkeka wake, wala hasemezani naye ovyo. Kompyuta iliyojaa picha na barua zake angeifungua vipi?

Mwaka ule kanisa lilimtaka Feleti atunge wimbo mpya wa mkutano mkuu, na nota zake zichapwe. Mkono wa Feleti ulikuwa umeanza kutetemeka, maandishi yake hayasomeki. Asipochapa, kazi hiyo ingepewa kwaya nyingine.

Losaline akaihamishia kompyuta sebuleni, akaigawa diski sehemu mbili. Upande mmoja akaacha mfumo wake wa kuendeshea kompyuta; upande wa pili akaweka mfumo mwingine, wa bure, wenye programu ya kuandikia muziki. Ukiiwasha, inakuuliza unataka upande upi.

"Mama, mwambie Feleti sasa ana mlango wake," Losaline alisema jikoni, mimi nikiwa kando yake.

"Mwambie mwenyewe! Mimi posta?" mama yao alifoka, akimenya viazi vikuu. Lakini alikwenda.

Feleti aliketi mbele ya kompyuta. Punde akaruka kama aliyekalia kaa la moto, akatokea mlango wa nyuma wa jikoni.

"Mama, diski yake naiona! Ipo palepale, nikibofya tu inafunguka!"

"Na umebofya?"

"Kwani nina wazimu?"

Mimi nilicheka. Losaline hakucheka. Fundi mwingine angemwambia basi usibofye. Yeye aliona kosa ni lake: kajenga ukuta, kaacha dirisha. Alasiri nzima alihangaika na mfumo wa kaka yake mpaka ukaacha kabisa kuuonyesha upande wa dada. Kisha upande huo akaufunga kwa neno la siri.

Feleti akarudi, akachungulia, akachungulia tena. Akakaa. Jioni sauti ya besi ikasikika kutoka sebuleni, na mama yao akaacha kupika, akasikiliza.

Wimbo uliimbwa mkutanoni, na watu wakalia. Mchungaji akauliza nani kachapa karatasi nzuri vile.

"Dada yangu," Feleti alijibu kwa sauti, bila kugeukia upande wetu. "Kompyuta ni yake. Mimi kanipa chumba tu."

Losaline aliinamisha kichwa nyuma ya upepeo aliokuwa akijipepea. Mimi, nisiye na kaka, nilikaa wima kwa fahari, kwa niaba yake.